Shajara: kubadilisha vyombo vya Cessna 172 yetu, Mombasa

Ndege ni Cessna 172M ya mwaka 1975, injini Lycoming O-320 ya farasi 150, umeme wa volti 14. Tunaimiliki watu wanne, na inalala upande wa ndege ndogo katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Mimi ni fundi umeme wa meli, riziki yangu iko Kilindini, na leseni yangu ya urubani ni ya ndege binafsi. Naandika kwa sababu tulipoanza tulimtafuta mtu wa pwani aliyepitia njia hii tumuulize, hatukumpata. Maandishi ya Wamarekani ni mengi na mazuri, ila yameandikiwa anga ya kwao.

Jambo moja kabla sijaendelea: kazi ya kufungua na kufunga imefanywa na mafundi wenye leseni. Mimi nilichagua, nilipima, na nyaya nilizovuta nilizivuta wakinitazama. Asitokee mtu akajifungulia dashibodi peke yake kwa kusoma haya.

12 Januari 2025. Upeo ulioegemea

Tulikuwa tunarudi kutoka Lamu, tumeshaipita Malindi, futi 4,500. Kaskazi ilikuwa imeleta ule utandu mweupe ambao bahari na mbingu huwa rangi moja, huoni vinapokutana. Mwenzetu daktari ndiye aliyekuwa akirusha. Nikaona bawa la kushoto linapanda taratibu, yeye ametulia, macho kwenye upeo bandia, chombo kinachoonyesha kama ndege imelala sawa. Upeo ulikuwa umeegemea, naye alikuwa akiufuata. Nikatazama kipimo cha vakyumu: sindano iko sifuri.

Nikamwambia, "Daktari, usiuamini huo, umekufa." Nikararua karatasi ya mpango wa safari, nikaubandika upeo ule usionekane, tukashuka tukaifuata fukwe mpaka nyumbani. Tulitua njia ya 03 salama. Lakini zile sekunde kumi za mwanzo, kabla hatujajua nini kimetokea, sijazisahau.

Pampu ya vakyumu ikikatika haipigi kelele. Jairo, gurudumu la ndani ya upeo linalozungushwa na mvuto wa pampu hiyo, inaendelea kuzunguka kwa nguvu zilizobaki, inapoteza kasi kidogo kidogo, na chombo kinakudanganya kwa upole. Bei ya pampu mpya pamoja na kufanyia ukarabati jairo mbili ilitufanya tukae kikao. Uamuzi wa kikao: vakyumu iondoke kabisa, tuingie skrini. Bajeti tuliyokubaliana ni KSh milioni 2.6.

2 Februari. Joto na jua, kabla ya bei

Kwenye meli nimejifunza kwamba chombo hufa kwa mahali kilipowekwa kuliko kwa kazi kinayofanya. Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi yoyote nilianza na kipimajoto.

Februari ndio moyo wa joto la Mombasa. Niliacha vipimajoto viwili ndani ya ndege kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, milango imefungwa kama kawaida yetu. Kimoja nilikilaza juu ya dashibodi chini ya kioo, cha pili nilikining'iniza nyuma ya dashibodi kupitia tundu la kipaza sauti cha zamani. Saa nane kasoro, cha juu kilisoma nyuzi 67. Cha nyuma kilisoma 58. Vitabu vingi vya vifaa nilivyosoma huweka kikomo cha kufanyia kazi karibu na 55 au 60, maana yake ukiingia ndege iliyosimama juani ukawasha moja kwa moja, unakianza chombo kikiwa tayari ukingoni.

Nikarudia siku ya pili, safari hii nimefunika kioo cha mbele kwa ndani na lile turubai la kung'aa la magari, nikaacha matundu ya hewa wazi. Nyuma ya dashibodi: 46. Turubai lenyewe nililinunua Mwembe Tayari kwa KSh 650. Katika mradi huu wote hakuna shilingi iliyofanya kazi kubwa kuliko hizo.

Tableti tuliyokuwa tukitumia kwa ramani ilizima mara mbili mwezi uliopita pale Ukunda tukisubiri zamu ya kuruka. Nilifungua kitabu chake: haitakiwi kutumika hewa ikizidi nyuzi 35. Basi haikuwa na kosa. Sisi ndio tuliikabidhi kazi isiyo yake. Tangu leo ni kifaa cha kupangia safari, si cha kutegemewa angani.

Kisha jua. Nilikata kadibodi mbili kwa ukubwa wa skrini ya inchi 10, nikazivisha karatasi ya kung'aa, nikazibandika kwenye dashibodi. Tukaruka asubuhi kuelekea Malindi, jua likiwa mbele kidogo upande wa kulia, kisha tukarudi. Kwenda, upande wa rubani ulisomeka vizuri. Kurudi, mwanga uliingia kwa dirisha la nyuma, ukapiga kadibodi ya kulia, ikawa kioo cha kujitazamia uso. Anayerusha kutoka kiti cha kulia asingeona kitu. Nikaandika: skrini kubwa upande wa kulia, hapana.

Rafiki mmoja mwenye ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, akaturuhusu tukae kwenye ndege yake yenye skrini kubwa. Daktari aliinamisha kichwa kidogo kushoto, skrini ikawa nyeusi tii. Akaivua miwani yake, ikarudi. Ni ile miwani ya jua ya polaroidi. Ukienda kuangalia skrini ya mtu, nenda na miwani unayorukia nayo.

23 Februari. Kinachouzwa na kinachofanya kazi huku

Wiki tatu za kusoma. Hapa ndipo nataka msomaji wa pwani akae na mimi, maana pesa nyingi zingetutoka bure.

Ukisoma matangazo ya vifaa vya GPS vya ndege, sifa ya kwanza ni WAAS. Huo ni mfumo wa Wamarekani: vituo vya ardhini Amerika Kaskazini hupima kosa la setilaiti, kisha marekebisho hurushwa kwa setilaiti nyingine hadi kwenye ndege. Kwa marekebisho hayo GPS inaweza kukuongoza kushuka kuelekea njia ya kurukia karibu kama ILS, ile mitambo ya redio ya uwanjani inayomwongoza rubani kushuka. Ulaya wana wao, EGNOS. Huku kwetu eneo hilo halijafikiwa. Kifaa kilekile ukikileta Mombasa kinafanya kazi kama GPS ya kawaida inayojikagua yenyewe kwa kulinganisha setilaiti. Ni GPS nzuri, inakupeleka Lamu na kukurudisha, lakini usilipie njia za kushuka ambazo hazijachorwa kwenye ramani yetu. Ukitaka mwongozo wa kushuka Mombasa, ILS ya njia ya 03 ndiyo hiyo, na redio yetu ya zamani ya VOR (mnara wa redio unaokuonyesha mwelekeo) na ILS inaipokea vizuri.

Sifa ya pili ni hali ya hewa kwenye skrini: mawingu ya mvua yamepakwa rangi ya kijani na nyekundu, bure kabisa, hulipii mwezi. Inavutia sana hasa kwa sisi tuliowahi kukutana na ukuta wa mvua ya masika juu ya Kilifi. Lakini taarifa hizo Marekani hurushwa na minara ya ardhini kwa masafa ya megahezi 978. Minara hiyo haiko huku. Skrini itabaki tupu milele.

Na hapo hapo ndipo tulipopata hasara ya kwanza.

9 Machi. Kisanduku cha 978

Mwenzetu wa tatu, mfanyabiashara wa vipuri, alipata kisanduku cha ADS-B kilichotumika, bei nusu ya kipya. Kifaa hiki hutangaza mahali ndege ilipo ili wengine waione. Marekani waliilazimisha kuanzia Januari 2020, ndiyo sababu vifaa vilivyotumika ni vingi sokoni. Alituma amana siku hiyohiyo, akaniletea maelezo nisome usiku.

Nikayasoma mpaka ukurasa wa mwisho, pale penye maandishi madogo. Masafa ya kutangazia: 978.

Wamarekani wana masafa mawili. Moja ni 1090, ambayo dunia nzima inatumia na ndiyo ya ndege kubwa. Jingine ni 978, la kwao tu, kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Kisanduku chetu kingekuwa kinapiga kelele Mombasa kwa lugha ambayo hakuna ndege, hakuna mnara, anayeisikia. Kingine kibaya zaidi, tungeamini kwamba tunaonekana.

Nilimpigia simu saa tano usiku. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, mimi nimeona bei, wewe umeona namba. Basi kuanzia leo hakuna kutuma pesa kabla hujaona namba." Muuzaji alikubali kufuta biashara ila akakata gharama yake. Tulipoteza KSh 31,000.

Namba ya kutafuta kwenye maelezo, kwa anayefuata nyayo hizi: 1090. Isipokuwapo, achana nacho hata kikiwa zawadi.

30 Machi. Tulichochagua na tulichokiacha

Meza ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, skrini moja kubwa inayobeba kila kitu, kama G3X Touch ya Garmin au SkyView HDX ya Dynon. Zote mbili zina ruhusa ya kufungwa kwenye 172, na kwa uzuri hakuna aliyezishinda. Ya pili, vyombo vidogo vya duara vya kidijitali vinavyoingia kwenye matundu ya zamani. Ya tatu, kukarabati vilivyopo na kuishi na vakyumu.

Ya tatu ilikufa Januari.

Kwenye ya kwanza mimi mwenyewe nilikuwa naitaka sana, sifichi. Iliyoniangusha ni hesabu mbili. Ya kwanza ni dashibodi nzima mpya: kukata aluminiamu, kuhamisha vyombo vya injini, vihisio vipya kwenye kila silinda, saa nyingi za fundi. Ya pili nimeizoea melini: kila kitu kikiwa kwenye kioo kimoja, kioo kimoja kikifa umebaki na nini? Lazima uweke cha akiba pembeni, na cha akiba kinataka betri yake na nafasi yake. Mwisho wa hesabu tulifika milioni 4 na ushee.

Tukachagua Garmin G5 mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu inakuwa upeo, ya chini inakuwa dira yenye mshale wa njia. Zinaingia kwenye tundu la kawaida la inchi 3 na moja ya nane, na ya juu ikifa, ya chini inaweza kushika kazi ya upeo. Kila moja ina betri yake ya akiba, mtengenezaji anasema hadi saa nne. Kwa ndege yenye alternata moja iliyozaliwa 1975, betri hiyo ndiyo iliyonishawishi kuliko picha. Kipima mwendo, altimeta ya sindano (kipimo cha kimo) na dira ya sumaku ya juu ya kioo vinabaki mahali pake.

Kwa urambazaji tukachukua GPS 175. Haina redio ndani, ni ramani na njia tu, na inakaa mahali pa ile ADF ya zamani. ADF kazi yake ilikuwa kunasa minara ya masafa ya kati, ambayo sasa inazimwa mmoja baada ya mwingine. Yetu kwa miaka ilikuwa inasikilizia taarifa ya habari tu. Transponda, redio inayojibu rada na kutangaza mahali tulipo, ni GTX 335, ya 1090.

Mwenzetu wa nne, mzee wetu, rubani tangu enzi za ramani ya karatasi gotini, aliweka sharti moja: VOR isiguswe. Akasema, "Wanangu, setilaiti ni ya watu. VOR ya Mombasa naijua ilipo." Sharti lilipita bila kura. Mtu wa baharini hashindani na neno kama hilo.

18 Mei. Mzigo umefika, kimoja hakimo

Mzigo ulifika salama. Usafirishaji, bima na ushuru vilikula KSh 410,000, zaidi ya nilivyotegemea kwa laki moja. Nilikuwa nimekadiria ushuru kwa bei ya vifaa peke yake, nikasahau kwamba nauli na bima navyo vinaingia kwenye thamani inayotozwa. Ukikadiria, kadiria kwa jumla iliyofika bandarini.

Kosa kubwa ni lingine. Nilitandika vifaa kwenye meza ya sebuleni nichore mchoro wa nyaya. G5 inazungumza na mwenzake kwa waya mbili zinazoitwa CAN. GPS 175 inatoa maelekezo yake ya njia kwa ARINC 429, ambayo ni lugha nyingine kabisa. Nikatafuta kwenye mchoro mahali zinapokutana, sikupapata. Nikatafuta tena. Pale katikati panatakiwa kisanduku kidogo cha mkalimani, GAD 29B. Bila hicho unakuwa na ramani nzuri hapa na dira nzuri pale, na mshale wa njia haujui unakokwenda.

Muuzaji hakuniuliza, nami sikumuuliza. Niliagiza kwa orodha ya vitu ninavyoviona kwenye dashibodi, na mkalimani hakai kwenye dashibodi, anakaa nyuma gizani. Kisanduku KSh 75,000, nauli ya peke yake KSh 18,000, wiki tatu zimepotea. Kama ningechora mchoro wa nyaya kabla ya kuagiza, kingekuja na wenzake kwa nauli ileile. Melini siagizi hata swichi bila mchoro. Hapa nilishikwa na hamu.

29 Juni. Wilson

Ndege ilikwenda Nairobi kwa idhini ya fundi, mchana, upeo mbovu umefunikwa. Juni Nairobi asubuhi ina lile wingu zito la chini, na Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, wingu linakukuta mapema. Tulikaa Voi mpaka saa tano likainuka.

Fundi mkuu ni mzee wa maneno machache. Alifungua dashibodi, akaingiza taa, akaniita. "Njoo uone bahari yenu." Nyuma ya ADF, soketi zilikuwa na kutu ya kijani kama pesa ya shaba iliyozikwa. Waya mmoja wa ardhi aliuvuta kwa vidole viwili, ukakatika bila sauti. Miaka hamsini, na sehemu kubwa yake ndege imelala karibu na Port Reitz. Chumvi haihitaji mawimbi, upepo wa usiku unatosha.

Hapo nikaomba kazi moja niifanye mimi: ardhi zote. Tuliweka kituo kimoja cha ardhi cha shaba iliyopakwa bati, kila chombo kikapata waya wake mpaka pale, hakuna kuungaunga njiani. Waya zote ni za ndege zenye bati, pini za dhahabu, na kila soketi ilipata grisi ya kuzuia unyevu. KSh 62,000 kwa nyaya, pini na mipira ya kubana. Wapo watakaosema ni nyingi. Mimi nimeona meli ya mamilioni imelala gatini kwa sababu ya pini moja ya kijani.

Pampu ya vakyumu, mipira yake na jairo zilitoka. Vilivyoingia ni vyepesi kuliko vilivyotoka, ndege imepungua kilo 4, na karatasi ya uzito na mizani imeandikwa upya.

Umeme ukawashwa mara ya kwanza tarehe 25. Skrini zikawaka, kisha ya chini ikaleta msalaba mwekundu, ikarudi, ikaleta tena. Magnetometa, kihisio cha dira, ilikuwa inaonekana na kupotea. Fundi kijana akashauri tubadilishe programu. Nikamwomba anipe dakika tano na mita.

CAN ni waya mbili ndefu, vyombo vyote vimening'inia humo, na kila ncha inatakiwa kuwa na resista ya omu 120. Zisipokuwapo, ishara ikifika mwisho inagonga na kurudi kama sauti kwenye ukumbi mtupu, na vyombo vinasikia maneno mawili mawili. Resista mbili zikiwa sambamba, ukipima kati ya nyaya hizo umeme umezimwa unapata 60. Nikaweka ncha za mita. 120. Moja haipo. Ilikuwa kwenye ncha ya magnetometa, ndani ya bawa: plagi imefungwa vizuri, ila waya mdogo unaowasha resista ya ndani haukuungwa. Uliungwa, tukapima, 60.3. Msalaba haujarudi tangu siku hiyo. Fundi kijana aliiandika 60 kwa kalamu ya wino ukutani juu ya meza yake.

Mrija wa statiki, unaoiletea altimeta shinikizo la hewa ya nje, nao ulivuja. Kipimo kinachotumika: unanyonya hewa mpaka altimeta ionyeshe futi 1,000 zaidi, unafunga, na kwa dakika moja isipoteze zaidi ya 100. Yetu ilipoteza 340. Tulipaka maji ya sabuni kiungo kwa kiungo, ikapatikana nyuma ya altimeta: mpira wa asili, umekauka, ufa mwembamba kama unywele. Mirija yote ikabadilishwa. Baada ya hapo ilipoteza 20. Maana yake miaka yote hiyo altimeta yetu ilikuwa inavuta hewa ya ndani ya ndege, na hatukujua.

20 Julai. Dira iliyoruka

Hili ni kosa langu, nalieleza kwa urefu.

Magnetometa ndiyo inayoiambia skrini kaskazini iko wapi. Inasikia sumaku ya dunia, ambayo ni dhaifu mno, kwa hiyo inasikia pia kila chuma na kila mkondo wa umeme ulio karibu. Kitabu kinasema itafutiwe mahali, kisha eneo lijaribiwe kabla ya kufunga kwa kudumu: washa kila kitu kimoja kimoja, sogeza usukani, tazama sindano. Mimi nilipendekeza ncha ya bawa la kushoto kwa sababu kifuniko chake kinafunguka kwa skrubu chache. Tukafunga, tukajaribu redio na usukani wa mabawa. Safi. Ilikuwa mchana, taa za bawa hatukuziwasha.

Jioni ya tarehe 17 nilikaa kwenye ndege peke yangu, nikawasha taa za safari. Dira ikaondoka 062 ikaenda 071. Nikazima, 062. Nikawasha, 071. Digrii 9. Ukitoka Mombasa kwenda Lamu, karibu maili 130 za angani, kwa kosa hilo bila GPS unakosea kama maili 20. Unaingia bara.

Taa ya 1975 inapata umeme kwa waya mmoja, na unarudi kupitia bati la bawa lenyewe. Kwa hiyo mkondo ulikuwa unapita kwenye bati chini ya magnetometa, na kila mkondo una sumaku yake. Zaidi ya hapo, skrubu mbili za kifuniko zilikuwa za chuma. Nilizijaribu kwa kasumaku kadogo, zikang'ata.

Marekebisho: taa imepata waya wake wa kurudi, nyaya mbili zimesokotwa pamoja ili sumaku zao ziuane. Magnetometa imesogezwa ndani ya bawa kama hatua moja. Skrubu zote za jirani ni za shaba. Siku mbili, KSh 24,000. Jaribio la pili nililifanya usiku makusudi, kila swichi ya ndege: mruko mkubwa kabisa ulikuwa digrii 1.

Fundi mkuu hakunilaumu. Alisema tu, "Kitabu kilisema kila kitu." Nami ndiye niliyemsomea kitabu hicho.

10 Agosti. Lamu na kurudi

Karatasi zimekamilika, nyongeza ya kitabu cha ndege imo ndani, ndege iko nyumbani tangu tarehe 2. Jana tulikwenda Lamu, mimi na mzee.

Kusi ilikuwa inasukuma mgongoni, na hilo sasa tunaliona kwa namba kwenye skrini: fundo 17. Jua lilikuwa mbele kulia kama siku ile ya kadibodi, skrini zote mbili zikasomeka kutoka kiti cha kushoto bila kukinga kwa mkono. Kutoka kiti cha kulia, ya chini ni ngumu kidogo kusoma. Nilitegemea. Juu ya Malindi nilivuta swichi kuu ya vyombo ili skrini zibaki na betri zake. Mzee alitazama kwa muda, akauliza, "Ingekuwa ile siku ya Januari?" Nikamwambia ingekuwa hivi hivi, upeo umesimama. Hakusema zaidi. Akafungua VOR, akalinganisha na mshale wa GPS, vikapishana digrii 1, akaandika kwenye daftari lake.

Gharama zote, kwa anayetaka kupanga. G5 mbili na magnetometa KSh 790,000. GPS 175 KSh 720,000. Transponda KSh 480,000. Mkalimani na nauli yake 93,000. Usafirishaji na ushuru 410,000. Mafundi 520,000. Nyaya na pini 62,000. Kosa la magnetometa 24,000, amana ya 978 iliyopotea 31,000. Jumla KSh 3,130,000, kila mmoja wetu KSh 782,500. Tumevuka bajeti kwa KSh 530,000. Amana, nauli ya mkalimani na magnetometa, jumla KSh 73,000, ni makosa matupu. Kilichobaki ni kwamba hatukujua bei halisi ya ushuru na ya saa za fundi.

Kilichobaki kufanya: taa za bawa ziwe za LED, turubai la kioo lishonewe kamba lisipeperuke, na kadi ya dira ya sumaku iandikwe upya baada ya kuipima ndege pande zote kwenye duara la uwanjani. Data ya GPS hubadilika kila siku 28. Ya tarehe 7 Agosti nimeiweka mimi, ya tarehe 4 Septemba ni zamu ya daktari.